Mkono Uliomvisha Bikira

Ijumaa Kuu ya mwaka jana, Bikira wa Mateso wa San Eladio, mji mdogo wa milimani, alitoka kanisani akiwa ameshika leso kwa mkono wa kushoto. Sanamu ile ni ya mbao, ina umri wa miaka mia moja na themanini, na tangu ifike pale leso imekaa mkono wa kulia na taji la miiba mkono wa kushoto. Watu waliojipanga barabarani na mishumaa yao waliona, wakatazamana, kisha wakamtafuta kwa macho Bi Gilma Zuleta, ambaye ndiye aliyemvisha. Hakuna aliyesema neno, maana ilikuwa Ijumaa Kuu. Walisubiri Jumatatu.

Jumatatu mji ulikuwa umeshaamua: Gilma ameanza. Kwenye milima ile, ukisema mtu ameanza hakuna anayekuuliza ameanza nini. Mama yake Gilma alianza akiwa na miaka sitini na mitano, kwa kutia chumvi kwenye kahawa, akamalizia kwa kumwita binti yake mwenyewe bibie na kumwomba kwa adabu zote amwoneshe njia ya kwenda nyumbani, naye yuko nyumbani. Dada zake wawili wakafuata. Watu wa huko huuita ugonjwa huo bumbuwazi, na kila ukoo unajua umepoteza wangapi. Gilma alikuwa na miaka sitini na mitatu, kwa hiyo hata wale waliompenda walikuwa wanahesabu miezi.

Sasa, kumvisha Bikira hakuna mshahara, lakini hakuna cheo cha mwanamke kinachozidi hicho pale San Eladio. Nguo zake zina kabati lake, kabati lina ufunguo, na ufunguo huo Gilma aliuvaa shingoni miaka ishirini na miwili. Kazi hufanyika sakristia, chumba cha mavazi nyuma ya altare, mlango umefungwa, wanawake peke yao. Mwanamume haruhusiwi kumwona Bikira bila nguo, awe padri au askofu. Kabla ya Gilma ufunguo ulikuwa wa mama yake, na mama yake alivuliwa ufunguo huo mbele ya kamati nzima ya kanisa, akitabasamu, akidhani wanamsaidia kufungua mkufu. Gilma alikuwepo siku hiyo. Akafa moyo kabisa, na tangu hapo hofu yake kubwa ilikuwa hiyo moja.

Aliyekuwa anaumezea mate ufunguo huo ni Bi Oliva Piedrahíta, msaidizi wake wa miaka ishirini, ambaye kazi yake yote ilikuwa kushika bakuli la pini. Miaka ishirini, bakuli la pini! Ungekuwa wewe ungechoka.

Kwaresima ilipofika, Padri Eleázar akaja nyumbani kwa Gilma. Alikuwa padri kijana, mtu wa pwani, na milimani humo bado alikuwa anaona baridi. Alikunywa chokoleti vikombe viwili, akala mkate wa mahindi na jibini, akasifu maua ya barazani, akauliza habari za mvua ambayo yeye mwenyewe alikuwa ametoka kulowana nayo. Ilimchukua nusu saa kufika alikokuwa anakwenda. Kamati, alisema huku akiangalia kikombe, imeomba cheti. Karatasi ndogo tu ya daktari, kusema Bi Gilma hana tatizo, iletwe Jumamosi ya kabla ya Matawi.

Gilma akamuuliza kama Bi Oliva naye ataleta cheti. Padri akasema chokoleti ilikuwa nzuri sana, akaondoka.

*

Mume wake, Mzee Arnulfo, alikuwa kinyozi, na kinyozi hashindwi na mtihani wowote. Familia yao ilikuwa kwenye utafiti wa bumbuwazi wa Daktari Soraya Betancur, kule mji mkubwa wa Medellín, na kila mwaka Gilma alikwenda kupimwa. Kila mwaka Arnulfo alimsindikiza, akakaa nje ya mlango, akategesha sikio. Mwaka uliopita alinakili maneno matano ambayo mgonjwa husomewa na kuambiwa ayakumbuke. Akayatoa sasa mfukoni kama mtu anayetoa hati ya shamba: ndoo, limau, kengele, farasi, daraja.

Kuanzia hapo nyumba ikawa shule. Duka la kunyolea lilikuwa chumba cha mbele, na kila Gilma alipopita na kahawa, mteja aliyelala kitini na povu usoni alimuuliza leo tarehe ngapi. Msimamizi wa benki alimuuliza jina la rais. Muuza nyama alimtaka ahesabu kurudi nyuma kutoka mia kwa saba saba, kisha wakabishana wenyewe wateja wanne kuhusu jibu, na hakuna aliyelipata. Binti yake Nubia, mwalimu wa darasa la kwanza, alibandika vikaratasi jikoni kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni: SUKARI, CHUMVI, JIKO.

Gilma alikibandua cha chumvi akakiweka mezani mbele ya binti yake. Akamwambia kwamba jiko hilo amelipikia tangu Nubia hajawa hata wazo.

"Ni tahadhari tu, mama," Nubia akasema, na macho yakamlengalenga.

Hilo ndilo lililomuuma Gilma. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza kama anaumwa au haumwi. Walikuwa wameshakubaliana kuficha, na walikuwa wanaficha kwa mapenzi makubwa. Alimwomba Arnulfo siku moja amwambie ukweli, kama ameona kitu. Arnulfo akambusu kipajini akasema yeye mbona mzima kama chuma cha pua, halafu akaenda kuwaambia wateja waongeze maswali.

*

Daktari Soraya alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, miwani kichwani, kalamu tatu kwenye nywele ambazo kila saa alikuwa anazitafuta. Kazi yake ilikuwa ubongo, na zaidi ya ubongo, pande zake mbili. Alikuwa na namna yake ya kuwaeleza watu wa milimani: ubongo una upande wa kushoto na wa kulia, na pande hizo hazilingani, kama viatu vya mtu mmoja, kimoja huisha soli kabla ya kingine. Ugonjwa ule nao hauli pande zote sawa. Yeye alitaka kujua unaanzia upande gani, na kama upande huo unaweza kuonekana kabla mtu hajasahau lolote. Kwa miaka tisa alikuwa anapima familia zilezile, na fomu yake ilianza na swali jepesi kuliko yote: unatumia mkono gani? Gilma, kila mwaka kwa miaka tisa, alijibu wa kulia.

Mtihani ulianza vibaya kwa sababu ya maandalizi. Daktari alifungua tu kinywa kusema atasoma maneno matano, Gilma akamkata: ndoo, limau, kengele, farasi, daraja. Daktari akaangalia karatasi yake. Akasema hayo ni ya mwaka jana. Halafu akageuka kuutazama mlango, ambao ulikuwa wazi kidogo, na kiatu cha Mzee Arnulfo kikarudi nyuma taratibu.

Maneno mapya Gilma aliyakumbuka yote matano, bila msaada wa mtu. Tarehe akaitaja, na saa, na mtakatifu wa siku hiyo ambaye hakuulizwa. Kisha kikaja kibao cha matundu na vijiti, ambapo mtu hupanga vijiti ishirini na vitano kwa mkono mmoja, halafu kwa mwingine, huku akihesabiwa sekunde. Miaka yote iliyopita kibao hicho hakikuwa na shida. Mwaka huu Gilma aliingia na hofu ya ufunguo, akajiambia leo hakuna kubana mkono, leo ni kufa na kupona, akapanga kwa kasi yote aliyojaliwa.

Baadaye wakamlaza kwenye mashine ya kupiga picha, akaambiwa ataje majina ya wanyama kimoyomoyo wakati mashine inanguruma. Picha hiyo ya maneno ilikuwa mpya mwaka huo. Alipotoka, daktari alikuwa hachangamki tena.

Alimweka chini akamweleza taratibu. Kumbukumbu yake ni nzuri, ila mikono haimpendezi. Kwa mtu wa mkono wa kulia, mkono wa kulia ndio unaotakiwa kuwa mwepesi. Wa Gilma umeachwa na wa kushoto kwa sekunde ishirini na moja. Na alipokuwa anataja wanyama, upande wa kushoto wa ubongo, ambako watu wengi huweka maneno yao, ulikaa kimya, kazi yote ikafanywa na wa kulia. Kwa mtu wa mkono wa kulia, daktari akasema, inawezekana upande wa kushoto umeanza kulegea, na wa kulia unaubebea mzigo.

"Nimeanza?" Gilma akauliza.

Daktari akasema ni mapema mno kusema hivyo. Akasema angependa kumfuatilia kila miezi mitatu, na kwenye cheti itabidi aandike hivyo.

*

Walikaa kwenye benchi la korido, mume na mke, na mfuko wa ndizi za kukaanga katikati yao. Arnulfo alikuwa anapanga. Cheti kinaweza kupotea njiani. Anamjua daktari wa mifugo aliyestaafu ambaye bado ana mhuri. Gilma hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anapiga mahesabu ya aina nyingine, na kila alivyoyapiga yalimtoa jasho.

Maana yeye alijua jambo ambalo mashine haikuambiwa. Gilma Zuleta alizaliwa mashoto. Alipokuwa na miaka saba, pale shuleni kwa watawa, Sista Perpetua alimfunga mkono huo kwenye kiti kwa utepe wa aproni, mwaka mzima, akamwambia mtoto akimgusa Bikira kwa mkono wa kushoto, Bikira hulia. Mkono wa kulia ukajifunza kuandika, kushika kijiko, kufanya ishara ya msalaba. Lakini sindano haukuijua kamwe. Kila joho la Bikira, kila mkunjo, kila pini ya miaka ishirini na miwili, Gilma aliweka kwa kushoto, akiwa ameupa mlango mgongo na kumpangia Oliva asimame upande ambao haoni. Na mbele ya daktari, miaka yote, alikuwa anaviangusha vijiti makusudi kwa mkono wa kushoto, asije akajulikana. Na ile Ijumaa Kuu alichelewa, akavisha haraka bila kujichunga, akaweka leso katika mkono ambao yeye mwenyewe angefutia machozi.

Sasa chagua. Akinyamaza, ni mgonjwa, na ufunguo unakwenda. Akisema, yeye mzima, lakini ndiye aliyemshika Bikira miaka yote hiyo kwa mkono unaomliza, na ufunguo unakwenda vilevile. Tofauti ni kwamba akinyamaza, hata yeye mwenyewe hatajua kama anaumwa. Hilo hakuliweza. Akapiga moyo konde, akamwambia mumewe kwanza, kwa mazoezi.

Arnulfo aliacha kutafuna. Walikuwa wameoana miaka arobaini na moja. Aliutazama mkono huo kama anayemtazama mpangaji aliyekaa ndani ya nyumba yake bila kulipa.

"Kumbe ndiyo maana lile kofi ulilonipiga kwenye arusi ya Hernando lilitokea upande nisioutegemea," akasema.

Ilionekana ameumia kweli. Akamuuliza kwa nini alimficha yeye. Gilma akasema hakuwa amemficha yeye, alikuwa amemficha Sista Perpetua. Arnulfo akamkumbusha kwamba Sista Perpetua alikufa zamani, enzi za simu za kukoroga. Gilma akajibu kwamba analijua hilo, na alikwenda mazishini kuhakikisha.

Wakabisha mlango wa daktari. Gilma alieleza yote akiwa amesimama, macho chini, kama anaungama. Daktari Soraya alisikiliza, na uso ukaanza kumchangamka. Akamkalisha tena mbele ya kibao, akabadili mstari wa kwanza wa fomu, akatazama picha upya. Mashoto wengi kiasi huweka maneno yao upande wa kulia, akasema, na mkono wao mwepesi ni wa kushoto, basi. Hakuna kilicholegea. Kila kitu kiko mahali pake, ila mahali penyewe ni pa upande wa pili.

Gilma alilia hapo, kwa sauti, bila aibu, na Arnulfo akampa karatasi ya ndizi afutie.

Kisha daktari akawa na swali. Alilitoa polepole, kama mtu anayefungua barua ya mahakama. Huyo Sista Perpetua alifundisha wangapi?

"San Eladio yote," Gilma akasema. "Alikuwa ndiye mwalimu peke yake. Miaka thelathini."

Daktari akavuta daftari lake. Kutoka San Eladio alikuwa na watu thelathini na wanane, na thelathini na wanane hao wote, kwa miaka tisa, walikuwa wameandikwa mkono wa kulia. Aliwahi hata kujisifu mbele ya wenzake jinsi mji huo ulivyokuwa wa ajabu, usio na mashoto hata mmoja. Alivua miwani, akalaza kipaji mezani juu ya daftari. Mabega yalikuwa yanatikisika, na Gilma hakujua kama anacheka au analia mpaka aliponyanyua uso, na hata hapo hakuwa na hakika.

Cheti alikiandika yeye mwenyewe. Sentensi ya kwanza: Bi Gilma Zuleta ni mashoto wa kuzaliwa. Ya pili: ubongo wake hauna dalili yoyote ya ugonjwa. Gilma akaomba ya kwanza iachwe. Daktari akatikisa kichwa. Bila ya kwanza, alisema, namba zilizo chini zinasema wewe mgonjwa.

*

Jumamosi ya kabla ya Matawi, kamati ilikaa sakristia: Padri Eleázar, Bi Oliva, dada wawili mapacha wanaohusika na maua, na Bi Libia wa miaka themanini na moja aliyewekwa kwenye kamati kwa heshima na alikuwa anasinzia. Padri alikisoma cheti kwa sauti. Alipofika nukta ya pili alitabasamu akasema Mungu ashukuriwe, shauri limekwisha. Akashangaa kuona hakuna anayetabasamu naye.

"Mashoto," Oliva akasema.

Padri akasema hata binamu yake ni mashoto na anacheza mpira vizuri sana. Mapacha wakafanya ishara ya msalaba. Oliva akamuuliza Gilma kama ni mkono huo huo, miaka yote, mwilini mwa Bikira. Gilma akajibu ni huo huo. Oliva akasema basi nguo zifuliwe zote na sanamu ifutwe kwa maji ya baraka, na kuhusu ufunguo anadhani hakuna haja ya kusema.

Hapo Bi Libia, ambaye kila mtu alidhani amelala, akafungua macho. Akasema yeye Perpetua alimfunga miaka miwili. Alikuwa anapenda kufuma, akasema, na kwa kulia hakuweza, basi akaacha. Alilisema bila huzuni yoyote, kama mtu anayetaja bei ya viazi, akafumba macho tena. Lakini baada ya hapo mapacha hawakujua mikono yao waiweke wapi.

Gilma akamwomba padri atoke nje, kwa kuwa anakwenda kumvua Bikira. Padri akatoka haraka. Gilma akafunga mlango, akasimama safari hii upande ambao wote wanne wanamwona, akaanza.

Mkono ule ulikuwa hautazamwi na mtu tangu Gilma ana miaka saba. Mwanzoni ulishika joho, ukaliacha, ukalishika tena. Halafu ukasahau watu. Ukatandaza joho jeusi mabegani, ukakunja mikunjo tisa ya kiunoni mmoja mmoja, ukachomeka pini bila kuiangalia, ukavuta lesi ya kipajini hadi uso wa mbao ukapata majonzi yake. Oliva alikuwa anatoa pini bakulini na kila mara aliukuta mkono umeshafika unasubiri. Leso ikawekwa kulia, mahali pake. Ilichukua dakika arobaini, na hakuna aliyekohoa.

Oliva akaizunguka sanamu mara mbili. Akanyanyua pindo, akavuta mkunjo, akainama akatafuta pini iliyotokeza. Mtu asiyekupenda akikukagua hukukagua vizuri. Mwishoni akanyooka, mkono kiunoni.

"Huu mkunjo wa tatu nimejaribu nyumbani miaka kumi na mitano," akasema. "Hautoki. Nilidhani mimi mjinga, kumbe unakunjwa kwa upande mwingine."

Mapacha wakasema wao hawana neno. Padri akafunguliwa, akaambiwa mambo yamekwisha, ufunguo unabaki. Akauliza wameamuaje, akaambiwa hayamhusu. Wote wakatoka kwenda kunywa chokoleti kwa mapacha, Bi Libia akishikwa mkono.

Gilma akambakiza Oliva mlangoni. Ilionekana hapendi alichotaka kukisema. Akamwambia kwamba cheti kile ni cha leo. Mama yake alianza na sitini na mitano, na yeye mwezi wa nane anatimiza. Siku moja huenda ikawa kweli.

"Ukiona nimeanza, niambie wewe," Gilma akasema. "Usiende kwa padri. Usiseme sokoni. Njoo, niambie usoni, ningali ninaelewa, nikuvishe ufunguo kwa mkono wangu mwenyewe."

Oliva akamwangalia kama anatafuta mtego uko wapi. Akasema mbona ana mume, ana binti msomi, wao si ndio wa kumwambia.

"Wale wananipenda," Gilma akasema. "Wataniambia mzima hadi siku ya mazishi."

Oliva akarudi hatua moja ndani. Alikuwa na bakuli la pini mkononi, na pini zilikuwa zinalia kidogo.

"Nitakuambia," akasema hatimaye. "Saa hiyo hiyo. Sitakuongezea hata dakika."

"Najua," Gilma akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa Kuu ya mwaka jana roho ikamtulia, akafunga mlango wa sakristia, wakaenda kunywa chokoleti.